Upande Mmoja wa Bastola ya Mjerumani

Serikali ya jimbo iliamua kwamba kila anayeishi peke yake ataruhusiwa kutembelewa na mtu mmoja tu, yule yule, hadi tutakapofunguliwa. Jirani yetu mzee hapo Lidcombe, magharibi ya Sydney, aliyefiwa na mkewe miaka mingi, alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kuchemsha birika moja la chai, kisha akaniita kupitia ua na kunichagua mimi.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu wengine wote mtaani hukubali kila ninalosema."

Hiyo ilikuwa karantini ya 2021, ile ndefu. Nilikuwa nimehama Kensington, ambako wanafunzi watano tulichangia choo kimoja na hewa moja, nikaenda kukaa na shangazi yangu, muuguzi katika hospitali moja kule Liverpool, ile ya Sydney, si ya Uingereza. Mitaa yetu ya magharibi ilikuwa imebanwa kuliko ya wale wa baharini. Kilomita tano kutoka nyumbani, basi. Barakoa hata ukiwa peke yako barabarani. Kila asubuhi saa tano mtaa mzima ulikuwa mbele ya televisheni kusikiliza idadi ya wagonjwa wapya, na mimi nilibishana na televisheni. Wamehesabu vipi? Wamepima wangapi? Mbona jana walisema vingine?

"Hiyo televisheni haikusikii, Profesa," shangazi alikuwa akisema, akivua viatu vya zamu. "Nenda ukambishie mzungu wako."

Basi nikaenda. Siku ya kwanza nilitarajia chai na malalamiko ya magoti. Nikakuta meza ya kulia imetandikwa kitambaa cha kijani, na juu yake bastola sita.

Zote zilikuwa za kijeshi, za karne ya kumi na tisa, zenye ile silinda ya kuzunguka. Mbili za Mwingereza, mbili za Mfaransa, moja ya Mbelgiji, moja ya Mjerumani. Leseni yake ya ukusanyaji ilikuwa kwenye fremu ukutani, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Picha ya harusi ilikuwa jikoni. Sefu ya chuma ilikuwa imefungwa kwa bolti sakafuni, na ndani ya nyumba nzima hapakuwa na risasi hata moja. Hakuna aliyezigusa ila yeye akiwapo, na aliyezigusa alivaa glavu nyeupe za pamba.

Nilipomsimulia shangazi, aliacha kukata sukuma wiki.

"Sita? Anaogopa nani?"

"Haogopi mtu. Anazikusanya tu."

"Watu hukusanya vikombe. Sikiza, ukipigwa risasi huko, usije hapa kunililia."

Kilichonirudisha kila siku hazikuwa bastola zenyewe. Zilikuwa kadi. Kila bastola ilikuwa na kadi yake ngumu ya rangi ya maziwa, na juu yake mzee alikuwa ameandika kila alichojua: mihuri ya kiwanda, namba, ilikotoka, ilivunjika wapi, nani aliitengeneza. Alikuwa na sheria moja ambayo niliipenda mara moja. Kadi haifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili kosa liendelee kusomeka, halafu unaandika tarehe na jina lako.

Tatizo ni kwamba kadi zilijaa neno "inasemekana." Inasemekana ilibebwa na kapteni aliyepoteza sikio. Inasemekana iliokolewa melini. Mimi neno hilo huniwasha kama upupu.

Tulianza na ya Mjerumani. Ilikuwa kubwa, nzito, ya rangi ya kahawia iliyokolea, isiyo na urembo wowote, kama kipande cha bomba la maji kilichofunzwa nidhamu. Kadi yake ilisema inasemekana ilibebwa na sajini mmoja huko Afrika Mashariki.

"Huko kwetu?"

"Huko kwenu," mzee akasema, akinitazama kama mtu aliyekuletea zawadi.

"Nani alisema?"

"Aliyeniuzia."

"Yeye alijuaje?"

Mzee akafikiri. "Alikuwa na masharubu ya kuaminika."

"Mzee." Hivyo ndivyo nilivyomwita. Nilikuwa nimemweleza kwamba kwetu hilo si tusi, na tangu hapo akawa anaitika kabla sijamaliza kulitamka. "Mzee, masharubu si ushahidi."

Akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya sajini, akaandika tarehe. "Umeniulia sajini," akasema.

"Sikumuua. Hakuwapo."

Kufikia wiki ya tatu tulikuwa tumemaliza kikosi kizima bila kufyatua risasi. Kapteni asiye na sikio akaenda. Meli ikazama tena. Mzee alicheka kila mara, lakini ilipofika zamu ya kurudisha bastola kwenye sefu, niliona anavyoishika ya Mjerumani. Kadi yake sasa ilikuwa na namba, mihuri, na mistari. Hakuna zaidi.

"Hii imebaki maskini," akasema.

Kazi hii ya kadi haikuwa mchezo tu. Binti yake wa Brisbane alitaka ahamie kwake barabara zikifunguliwa, na alikuwa amesema waziwazi kwamba hataki bastola nyumbani mwenye wajukuu. Kama mzee hakupata pa kuzipeleka, zingekabidhiwa polisi na kuyeyushwa. Pa kuzipeleka palikuwa mahali pamoja tu: makumbusho madogo katika mji wa mashambani alikozaliwa, chumba kimoja nyuma ya maktaba. Mama aliyeyasimamia alikuwa na kabati la kioo lenye nafasi sita. Alikuwa radhi kuzichukua zote pamoja, mradi ziwe na kadi za kuaminika na ziwe hazijachezewa. Akikataa, mzee hakuwa na mwingine wa kumwomba. Alikuwa amekwisha kuwaandikia wote.

"Miaka arobaini," aliniambia. "Sitaki ziishie kuwa vijiko."

Sasa nirudi kwa shangazi kidogo, kwa sababu kosa langu lilianzia kwake, ingawa yeye husema lilianzia chuo kikuu.

Kwa shangazi, sufuria haipimwi kwa ndani. Inapinduliwa. Akikutembelea, atakusaidia kuosha vyombo, na akiosha atapindua sufuria atazame kitako chake, na hapo atajua ulilelewa na nani. Nilikua Nakuru nikisugua vitako vya sufuria kwa waya na majivu hadi nijione meno. Waya wa kusugulia aliutoa Kenya, pakiti nzima ndani ya sanduku, kwa maoni kwamba ule wa Sydney umedekezwa. Nilikuwa nimehoji dini yake, siasa zake, dawa yake ya vitunguu saumu, na kama kweli mjomba, mumewe, aliumwa mgongo au alikuwa mvivu. Sikuwahi kuhoji kitako cha sufuria.

Jumatatu moja nilimsugulia mzee birika lake. Lilikuwa jeusi kama la mchoma mkaa. Likatoka liking'aa hadi paka wake akajiogopa. Mzee akalishika juu, akaliweka dirishani, akalitazama mara nne siku hiyo. "Sikujua lilikuwa la fedha," akasema. Lilikuwa la aluminiamu, lakini nilimwachia hiyo.

Jumatano simu ya binti yake ikaita, naye akaenda kuipokea chumba cha pili. Mazungumzo yao yalikuwa marefu siku zote, na sauti yake ilikuwa ikipanda na kushuka ukutani. Niliketi na zile sita. Waya ulikuwa kwenye mfuko wa koti langu, tangu birika. Na mbele yangu ilikuwa ya Mjerumani, ile maskini niliyoiulia sajini, imekaa na kahawia yake kama kitu kilichosahauliwa mvuani.

Nilitaka kumfurahisha. Hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni, na ninaliandika kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeweza kulithibitisha.

Nilianza na ncha ya mtutu, taratibu. Kahawia ikatoka, chini yake chuma cheupe kikachomoza. Ah! Mkono ukakumbuka Nakuru. Nilisugua mtutu, nikasugua mbavu, nikasugua silinda bila kuizungusha, na unga mwekundu ukaanguka kwenye kitambaa cha kijani kama ugoro. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja wote, ule wa kushoto, niliposikia mzee akiaga. Nikapuliza unga, nikaigeuza bastola, upande wa kahawia juu, nikaizungushia kitambaa chake. Nilipanga kumalizia kesho, halafu nimshangaze.

Kesho yake yule mama wa makumbusho akapiga simu ya video. Mimi ndiye niliyepanga bastola mezani na kushika simu, kwa kuwa mikono ya mzee ilitetemeka. Ya Mjerumani niliilaza upande wake wa kahawia juu, nikitabasamu moyoni.

"Kabla ya yote," mama yule akasema, miwani yake ikijaza skrini nzima, "niambie hakuna aliyezisafisha."

"Kamwe," mzee akasema, kwa fahari. "Hakuna hata aliyezipumulia."

Tabasamu langu likafutika.

"Kwa nini?" nikauliza. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliuliza swali huku nikiomba lisijibiwe.

Akajibu vizuri mno. Ile rangi, akasema, ndiyo umri wenyewe. Ni mikono ya watu, mafuta, jasho na miaka, na kwa baadhi yake, kama ile ya Mjerumani pale mwisho, sehemu ya kahawia ilipakwa makusudi kiwandani. Ikishatoka hairudi. Watu husugua wakidhani ni kutu, akasema, halafu wanamletea kitu kilichofutwa uso. Alikuwa amezikataa nyingi za namna hiyo.

"Sasa zigeuze, nione upande wa pili."

Mzee akageuza ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mimi nikisogeza simu juu yake, jasho likinitiririka ndani ya barakoa. Ya nne. Ya tano. Mkono wake mwenye glavu ulipoelekea ya sita, nikaweka kidole gumba juu ya kamera.

"Siwaoni," mama akasema.

"Mtandao," nikasema, na nikakata simu.

Mimi! Niliyemvua mzee maneno ya watu waliokufa, neno kwa neno, nimesingizia mtandao. Mzee alitikisa kichwa kuulaani mtandao pamoja nami, akazifungia sefuni bila kuigeuza ya sita, na mimi nikavuka ua kwenda nyumbani kama mwizi wa kuku.

Shangazi alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Nikamweleza yote.

"Ngoja kwanza," akasema. "Uliitoa uchafu?"

"Ndiyo."

"Na wao wanataka uchafu wao?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hayo si makumbusho, hiyo ni stoo." Akachezesha vidole majini. "Mzee anajua?"

"Bado."

"Na amemwapia yule mama kwamba hazijaguswa."

"Ndiyo."

Hapo akaacha kuwa shangazi, akawa muuguzi. Uso ule ninaujua, ni wa saa za kazi. "Sikiza, mwanangu. Wodini ukimpa mtu dawa isiyo yake, hungoji kuulizwa. Unachukua fomu, unaandika: mimi, saa fulani, nilifanya hivi. Huandiki ulikuwa na nia nzuri. Nia hawana kisanduku chake."

"Atanifukuza."

"Akufukuze. Utakuja hapa usugue zangu."

Asubuhi nilikwenda mapema. Mzee alitoa bastola, na kabla hajaketi nikachukua kadi ya Mjerumani na kalamu. Nikaandika chini ya ile mistari: tarehe ya Jumatano, na kwamba upande wa kushoto ulisuguliwa na mimi, kwa waya wa kusugulia sufuria, kwa muda usiozidi nusu saa, mwenyewe akiwa kwenye simu, kwamba rangi imetoka na haitarudi. Nikatia sahihi. Nikampa.

Alisoma. Akaigeuza bastola.

Upande ule ulikuwa mweupe kabisa. Jua la dirishani liliupiga, likarudi darini. Mzee aliketi akiwa ameishika kwa mikono miwili.

Ndipo mlango ukagongwa.

Walikuwa polisi mmoja na wanajeshi wawili. Siku hizo jeshi lilikuwa limeletwa mitaani kwetu kuhakikisha waliopaswa kujitenga wako nyumbani, na hawa walikuwa wamekosea namba ya nyumba. Lakini mzee alikuwa ameenda mlangoni na bastola ya Mjerumani mkononi, amesahau kuiweka, na nyuma yake, mezani, nyingine tano zilionekana vizuri sana. Wanajeshi wale hawakubeba silaha yoyote. Kwa dakika hiyo, pale Lidcombe, raia tulikuwa tumewazidi.

Polisi akarudi hatua moja. "Bwana. Weka hicho chini, tafadhali."

"Oh," mzee akasema, akakiweka juu ya kabati la viatu karibu na mlango. "Samahani. Ni ya zamani. Haina risasi. Leseni iko ukutani."

Polisi akaingia kuisoma leseni, neno kwa neno, barakoa ikipanda na kushuka. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye mtu wake mmoja. Akaangalia bastola, akaniangalia, akaangalia birika linalong'aa dirishani, nadhani akaona ni bora asiendelee.

Mwanajeshi mmoja, kijana wa mashavu mekundu, alikuwa amebaki mlangoni akiitazama ile ya Mjerumani. Ilikuwa imelala upande mweupe juu.

"Hii imetunzwa," akasema kwa heshima. "Sajini wangu angelia kwa furaha. Nani ameisugua?"

Mzee akanyoosha kidole, akanionyesha.

"Kazi nzuri sana," mwanajeshi akaniambia.

Mlango ulipofungwa, mzee alisimama kwenye korido akiwa amenigeuzia mgongo. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na labda alianza hivyo, lakini alipogeuka alikuwa akicheka hadi akashika ukuta.

"Umeniulia sajini mmoja," akasema, "ukaniletea mwingine."

Halafu akaketi, akawa mzito tena. "Lakini nilimwapia yule mama."

"Ulichosema ulikiamini."

"Hata mwenye masharubu alikiamini chake." Akaniashiria simu. "Piga picha za kadi zote sita. Na za bastola hii, pande zote mbili. Umtumie sasa hivi."

Nikatuma. Niliongeza kwamba mtandao haukuwa na hatia.

Siku nne yule mama hakujibu. Mzee hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko lawama. Tulizirudia kadi za Mfaransa, tukipiga mistari bila furaha. Siku ya pili alimwambia binti yake kwenye simu aulizie utaratibu wa kukabidhi polisi, na nilimsikia kupitia ukuta, sauti yake ikiwa chini kwa mara ya kwanza.

Siku ya tano, simu ya video. Miwani ile ile.

"Nimekasirika," mama akasema. "Nataka mjue hivyo kwanza."

"Tunajua," mzee akasema.

"Upande ule umekufa. Hauna thamani yoyote kwangu kama bastola." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini nimezisoma kadi zote sita. Ya Mjerumani ndiyo pekee ambayo ina jambo lililoandikwa na mtu aliyelifanya, karibu na siku lilipotendeka, bila 'inasemekana.' Nina umri wa miaka sitini na saba na sijawahi kuletewa kadi ya namna hiyo. Leteni zote. Na huyo kijana asiguse kitu njiani."

Barabara zilipofunguliwa tulizipeleka, gari la binti yake likiongoza na karatasi zote za kibali kwenye kiti cha mbele. Mimi na shangazi tulifuata kwenye gari letu. Aliomba ruhusa kazini akisema anataka kuiona hiyo stoo. Chumba nyuma ya maktaba kilikuwa kidogo kuliko sebule yetu. Bastola tano zililala kwenye kabati, kahawia na nyeusi. Ya sita ilisimamishwa kwenye kijiti, na nyuma yake mama yule alikuwa ameweka kioo cha kujitazamia, ili mgeni aone upande wa umri mbele na upande wangu nyuma. Kadi ilikuwa kando yake, na mwandiko wangu chini ya mistari.

Mzee alisimama mbele ya kabati muda mrefu, mikono nyuma. Wiki iliyofuata angehamia Brisbane. Alisoma kadi zote tena kana kwamba hakuziandika, na alipofika ya mwisho akagonga kioo cha kabati kwa kucha, mara moja.

"Haijabaki maskini," akasema.

Shangazi naye akasogea. Aliinama, barakoa ikigusa kioo, akaitazama ya Mjerumani mbele, akaitazama kwenye kioo nyuma, akaangalia pale chini ambapo ningepaacha bila kusugua kama ningekuwa mvivu, na hakukuta pa kunilaumu. Nikaona anaridhika. Kisha akazitazama zile nyingine tano, moja baada ya nyingine, akamgeukia mzee na kumwuliza kwa Kiingereza chake cha wodini, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonea huruma.

"Na hizi, Mzee? Zilikosa mtu wa kuzisugua?"